Shajara ya mradi: tarakimu 1,000 za e^(π√163) kwa njia mbili

Siku ya 1

Leo nimefungua daftari jipya kwa ajili ya kazi niliyoiahirisha tangu mwaka jana, nayo ni kukokotoa tarakimu 1,000 baada ya nukta za namba e^(π√163), yaani namba e (takribani 2.718) iliyopandishwa kwa kipeo ambacho ni zao la π na kipeuo cha pili cha 163. Sitafuti wingi wa tarakimu, maana zipo programu zinazoweza kutoa mamilioni yake bila kumchosha mtu. Ninachotaka ni tarakimu ambazo kila moja nimeifikia kwa njia mbili zisizotegemeana, kwa programu niliyoiandika mwenyewe inayotumia hesabu za namba kamili peke yake, ili nikiulizwa kwa nini naiamini tarakimu ya 700 niwe na jibu.

Nimeichagua namba hii kwa sababu hakuna nyingine ninayoifahamu inayomfundisha mtu uangalifu kama yenyewe. Inaanza hivi:

262537412640768743.999999999999250072597…

Baada ya nukta zimepangana 9 kumi na mbili. Anayekokotoa hadi hapo na kuishia hapo ataapa kwamba ameona namba kamili, na ataapa uongo bila kujua. Charles Hermite wa Ufaransa aliugundua ukaribu huu mwaka 1859, karne moja kabla ya kompyuta kuwa chombo cha kawaida. Watu wengi huiita namba ya Ramanujan, na jina hilo linanisumbua kidogo: katika makala yake ya mwaka 1914 Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizungumzia jamaa zake, kama vile e^(π√58), na si hii ya 163. Jina lilishika baada ya Aprili 1975, Martin Gardner alipoandika katika jarida la Scientific American, kwa mzaha wa sikukuu ya wajinga, kwamba namba hii imethibitishwa kuwa kamili na kwamba Ramanujan ndiye aliyebashiri hivyo. Ukweli ulikuwa umekwisha kujulikana tangu mwaka 1934, pale Aleksandr Gelfond na Theodor Schneider, kila mmoja kivyake, walipothibitisha nadharia ambayo kutokana nayo namba hii haiwezi kuwa kamili, wala sehemu, wala jibu la mlinganyo wowote wa kialjebra wenye vizidishi vya namba kamili. Katika shajara hii nitaiita kwa fomula yake, au kwa ufupi X.

Jioni nimejaribu jambo jepesi kuliko yote, la kuiandikia kompyuta fomula ilivyo, kwa kutumia namba za desimali za kawaida za biti 64. Nilijua halitafaa, lakini nilitaka kuandika kwa nini halifai. Kipeo π√163 ni takribani 40.10917. Katika ukubwa huo, namba mbili jirani ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi zimeachana kwa takribani 7 × 10^-15. Pengo hilo linaonekana dogo mno, lakini likishazidishwa kwa X yenyewe, ambayo ni kama 2.6 × 10^17, linakuwa karibu 1,900. Maana yake ni kwamba kipeo kikisogea hatua moja tu, ile ndogo kabisa inayowezekana, jibu linaruka kwa karibu 1,900. Hapo hatujafika hata kwenye nukta, seuze zile 9 kumi na mbili.

Siku ya 3

Nimeandika sehemu ya njia ya kwanza, ambayo naiita njia ndefu kwa sababu inapita kila kituo: kwanza π, kisha √163, kisha zao lao, mwisho kupandisha e. Kila namba naihifadhi kama namba kamili kubwa iliyozidishwa kwa 10 yenye kipeo fulani, ili mgawanyo ukiacha baki nijue hasa nimetupa nini.

Kwa π nimetumia fomula ya John Machin ya mwaka 1706: π/4 ni mara 4 ya tanjenti kinyume ya 1/5, ukitoa tanjenti kinyume ya 1/239. Ni fomula ya zamani na haina kasi, nami nimeichagua kwa makusudi. Fomula inayotumika leo katika rekodi kubwa za π ni ya ndugu wawili, David na Gregory Chudnovsky, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiyo iliyotumika mwaka 2022 kufikia tarakimu trilioni 100. Kila kipengele chake kinaongeza tarakimu 14 na zaidi kidogo. Hata hivyo, ndani yake imo namba 640320, na namba hiyohiyo ndiyo nguzo ya njia yangu ya pili, kama nitakavyoeleza. Njia mbili zinazochota maji katika kisima kimoja hazishuhudiani, hivyo nimeiacha fomula hiyo nje ya mradi ingawa ingeniokolea muda.

Kwa √163 nimetumia utaratibu wa Newton, yaani kuanza na jibu la kukisia na kulirekebisha hatua kwa hatua, kwa namba kamili. Hapa hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba kuthibitisha ni rahisi: unazidisha jibu kwa lenyewe na kutazama umbali uliobaki hadi 163.

Siku ya 4

Kupandisha e kumenichukua siku nzima. Mfululizo wa kawaida wa e^y, yaani 1 + y + y²/2 + y³/6 na kuendelea, unafanya kazi kwa y yoyote, lakini y ikiwa 40 vipengele vya mwanzo vinapanda juu kabla ya kuanza kushuka. Nimekigawa kipeo kwa 65536, ambayo ni 2 iliyozidishwa mara 16, kikawa kama 0.000612, nikatumia mfululizo kwa kipeo hicho kidogo, kisha nikalipandisha jibu kwa kulizidisha kwa lenyewe mara 16. Kwa tarakimu elfu moja na ushee, vipengele kama 205 vinatosha. Gharama yake ni kwamba kila mara unapozidisha jibu kwa lenyewe, kosa lililomo linakuwa maradufu, na maradufu 16 ni tarakimu zipatazo 5 zinazopotea mwishoni. Nimeliandika hilo pembeni mwa ukurasa kwa wino mwekundu.

Jaribio la kwanza la tarakimu 60 limetoa:

262537412640768743.99999999999925007259719818568887935385633733699086270753741…

Nimeziangalia kwa muda mrefu zile 9 zikikatika na 25 kuingia. Nilikuwa nimeziona zimechapwa mahali pengine mara nyingi, lakini leo zimetoka kwenye hesabu yangu.

Siku ya 8

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya niupende mradi huu, na nataka kuieleza kwa utulivu.

Katika hisabati kuna kitendaji, yaani kanuni inayopokea namba na kutoa namba nyingine, kinachoitwa j. Kinaweza kuandikwa kwa herufi q hivi: 1/q + 744 + 196884q + 21493760q² + 864299970q³ na kuendelea bila kikomo, na vizidishi vyote hivyo ni namba kamili. Kwa thamani maalumu ya q inayohusiana na 163, yaani q iliyo sawa na hasi 1/X, kitendaji hiki hakitoi namba ya hovyo: kinatoa hasi 640320³ kamili, bila baki yoyote. Kwa nini kitoe namba kamili? Kwa sababu 163 ni ya mwisho na kubwa kuliko zote katika orodha fupi ya namba tisa: 1, 2, 3, 7, 11, 19, 43, 67 na 163. Ukichukua kipeuo cha pili cha hasi ya mojawapo ya namba hizi na kujenga juu yake mfumo wa namba kamili uliopanuliwa, kila namba katika mfumo huo inavunjika kuwa namba tasa kwa namna moja tu, kama tulivyozoea katika namba za kawaida. Gauss alibashiri mwaka 1801 kwamba orodha inaishia hapo. Kurt Heegner, mhandisi wa redio wa Berlin ambaye hakuwa na kiti katika chuo kikuu chochote, alichapisha uthibitisho mwaka 1952, lakini wataalamu hawakuukubali kwa kuudhania una ufa. Alan Baker alithibitisha kwa njia yake mwaka 1966 na Harold Stark mwaka 1967, kisha Stark akarudi kuusoma uthibitisho wa Heegner na kuona kwamba ulikuwa sahihi kwa msingi wake. Heegner alikuwa amefariki mwaka 1965. Ninapoandika 163 kwenye programu yangu namkumbuka mtu huyo.

Basi ukipanga upya mlinganyo wa j, unapata:

X = 640320³ + 744 − 196884/X + 21493760/X² − 864299970/X³ + …

Ukiutazama mlinganyo huu vizuri, utaona hauna π ndani yake, wala e, wala kipeuo. Upande wa kulia zimo namba kamili na X peke yake. Namba iliyoumbwa kwa namba maarufu kuliko zote katika hisabati inaweza kukokotolewa bila kuijua hata moja kati yake. Na hapohapo siri ya zile 9 inafunuka: 640320³ ni 262537412640768000, ukiongeza 744 unapata 262537412640768744, halafu kinachopunguzwa ni 196884 iliyogawanywa kwa X, yaani 7.5 × 10^-13 hivi. Kwa hiyo 9 zile si sadaka ya bahati, ni upungufu mdogo wenye sababu inayoweza kuandikwa.

Utaratibu ni kuanza na X sawa na 262537412640768744, kuiweka upande wa kulia, kuchukua jibu, kuliweka tena upande wa kulia, na kuendelea hivyo. Kila mzunguko unalipunguza kosa kwa kulizidisha kwa 196884/X², ambayo ni kama 2.86 × 10^-30. Kila mzunguko, kwa hiyo, unaongeza tarakimu sahihi 29 na nusu hivi, na kwa tarakimu 1,000 mizunguko 34 inatosha.

Siku ya 9

Vizidishi vya j sikutaka kuvinakili kutoka orodha ya mtu, maana kosa moja la kunakili lingenipotezea wiki. Nimevizalisha mwenyewe kwa kugawa mfululizo mmoja wa namba kamili kwa mwingine, na nimehakiki vitatu vya mwanzo kwa kalamu: 720 + 24 ni 744, kisha 179280 + 17280 + 324 ni 196884, kisha 16954560 + 4302720 + 233280 + 3200 ni 21493760. Kwa tarakimu 1,000 nahitaji vizidishi 59 baada ya 744, kwa sababu kipengele cha 60 ni kidogo kuliko 10^-1003. Nimezalisha 70 ili nisikae pembezoni.

Kuhusu 196884 nitasema neno moja kabla ya kuendelea. Mwaka 1978 John McKay aliona kwamba ni 196883 + 1, na 196883 ilikuwa imejitokeza kwenye tawi la hisabati lililo mbali kabisa, katika kundi kubwa la ulinganifu liitwalo Dubwana. Uhusiano huo ulithibitishwa na Richard Borcherds mwaka 1992. Namba inayozichonga tarakimu zangu baada ya zile 9 ndiyo hiyo.

Siku ya 10

Njia mbili zimepingana, na zimepingana mapema mno, kwenye tarakimu ya 28 baada ya nukta. Njia ndefu inasema …250072597198185688. Njia ya pili inasema …250072597198185065. Tarakimu 27 za mwanzo zinalingana kabisa.

Kishawishi cha kwanza kilikuwa kuiamini njia ndefu kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuona tarakimu zake zimechapwa. Nilijizuia. Kama ningeamua kwa mazoea, mradi wote usingekuwa na maana. Nilichukua kalamu na kukokotoa vipengele viwili vya kwanza kwa mkono. 196884/X peke yake inanipeleka kwenye …25007259719818537704. Kipengele kinachofuata, 21493760/X², ni 3.118 × 10^-28. Ukikiongeza unafika kwenye 688. Ukikitoa unafika kwenye 065. Basi kosa halikuwa katika ukubwa wa kipengele bali katika alama yake. Katika programu nilikuwa nimeandika q kama 1/X badala ya hasi 1/X na kutoa vipengele vyote, ilhali alama zinatakiwa kupishana: toa, ongeza, toa, ongeza. Mstari mmoja umerekebishwa.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu, ambaye nilimwomba asome programu bila kumwambia kosa liko wapi, alikuwa amefika palepale kabla sijamaliza kueleza. “Mwalimu,” aliniambia, “hapa umesahau kwamba q ni hasi.” Nimefurahi kwamba kosa limeonekana kwa macho manne.

Siku ya 13

Njia zote mbili zimekimbia kwa tarakimu 1,000. Zinalingana hadi tarakimu ya 988, kisha zinaachana.

Nilipoona hivyo nilimkumbuka William Shanks, Mwingereza aliyechapisha tarakimu 707 za π mwaka 1873 baada ya miaka ya kazi ya mkono kwa fomula hiihii ya Machin. Katika miaka ya 1940 D. F. Ferguson alikokotoa upya kwa fomula tofauti na kukuta kwamba Shanks alikuwa amekosea kuanzia tarakimu ya 528. Kwa miaka 70 watu waliziamini tarakimu zile kwa sababu hakuna aliyekuwa amezifikia kwa njia nyingine. Sikusudii kumcheka Shanks. Bila ya shaka alikuwa makini kuliko mimi. Alikosa shahidi wa pili tu.

Safari hii sababu haikuwa ngumu kuipata, kwani nilikuwa nimeiandika kwa wino mwekundu siku ya 4 na bado sikuizingatia ipasavyo. Njia ndefu nilikuwa nimeiendesha kwa tarakimu 1,010, nikidhani kwamba 10 za ziada zinatosha. Lakini X ina tarakimu 18 kabla ya nukta, na kosa lolote kwenye kipeo linazidishwa kwa X, kwa hiyo tarakimu 17 na ushee za ziada zinaliwa hapo tu. Juu yake kuna mabaki yaliyotupwa katika migawanyo mingi ya fomula ya Machin na katika kule kuzidisha mara 16, ambayo kwa pamoja yamekula kama 5. Ukitoa 22 katika 1,010 unabaki na 988, na ndipo hasa njia zilipoachana. Kosa linapokaa mahali linapotarajiwa kukaa, linakuwa ushahidi kwamba hesabu imeeleweka.

Njia ya pili haina udhaifu huo. Ndani yake makosa yanafinywa kila mzunguko, hayakuzwi, na ingawa niliianza nikiiona kama mhakiki tu, sasa naiona kuwa ndiyo njia bora zaidi ya hizi mbili.

Siku ya 14

Umeme ulikatika tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, betri ya kompyuta ikaisha mapema. Nimetumia muda huo kupitia daftari.

Siku ya 15

Nimeiendesha tena njia ndefu kwa tarakimu 1,050 na njia ya pili kwa tarakimu 1,020. Zinalingana katika tarakimu zote 1,000 baada ya nukta, na pia katika 12 zinazofuata. Nimelinganisha kwa programu, kisha nimelinganisha kwa macho mafungu ya tarakimu 50, moja baada ya jingine, kwa sababu programu ya kulinganisha nayo niliiandika mwenyewe.

Siku ya 16

Jaribio la mwisho ni la kuhakikisha kwamba njia ya pili haikulengwa kwa jibu moja tu. Nimebadilisha namba moja ndani yake. Kwa 67 nguzo si 640320 bali 5280, na kwa 43 ni 960. Mengine yote yanabaki vilevile. Programu imetoa e^(π√67) kuwa 147197952743.9999986624542245… na e^(π√43) kuwa 884736743.9997774660349066…, na njia ndefu imekubaliana nayo kwa tarakimu zote 200 nilizoziomba. Katika hii ya 43 zile 9 ni tatu tu baada ya nukta, kwa kuwa namba yenyewe ni ndogo na 196884 ikigawanywa kwayo inaacha upungufu mkubwa zaidi. Kila mzunguko nao unaongeza tarakimu 12 au 13 badala ya 29. Ngazi inaonekana wazi: kadiri namba iliyo chini ya kipeuo inavyokua, X inakua, upungufu unanywea, na 9 zinazidi. Na kwa kuwa orodha ya Heegner inaishia 163, hakuna ngazi ya juu zaidi ya kupanda kwa fomula hii.

Kwa udadisi nimerudi nyuma pia: nimechukua logi asilia ya 640320³ + 744 na kuigawa kwa √163. Nimepata π iliyo sahihi kwa tarakimu 30 baada ya nukta, ambazo ni 3.141592653589793238462643383279, na kosa linaanzia tarakimu ya 31.

Siku ya 17

Faili la tarakimu 1,000 limehifadhiwa mahali pawili pamoja na programu zote mbili, vizidishi 70 vya j, na maelezo ya makosa ya siku ya 10 na ya 13. Hatua inayofuata ni tarakimu 10,000. Njia ya pili itahitaji vizidishi vipatavyo 585 na mizunguko 339 ikiwa sitabadilisha chochote, lakini mizunguko hiyo inaweza kupunguzwa kuwa michache sana nikitumia utaratibu wa Newton katika mlinganyo wenyewe, ambao unakaribia kuzidisha maradufu tarakimu sahihi kila hatua. Nitaanza na hilo Jumamosi.